Saa ya Kura ni Sehemu ya Kura

(Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa mageuzi, Kimumu, Eldoret)



Tumeombwa tueleze jambo ambalo kwa sikio la kwanza ni dogo mno: kituo cha kupigia kura hufunguliwa saa ngapi, hufungwa saa ngapi, na mwananchi afanye nini saa hizo zisipofuatwa. Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini mwanasheria aitwe kuja kusoma saa. Jibu letu ni hili. Haki ya kupiga kura haipokonywi kwa bunduki, kwa hongo na kwa sanduku lililojazwa usiku peke yake. Hupokonywa pia kwa saa. Mwananchi aliyefika akakuta mlango umefungwa hana tofauti na yule aliyekatazwa kufika, ila kwamba huyu wa kwanza hurudi nyumbani akijilaumu mwenyewe, na aliyemnyima haki hana wa kumwuliza.

Tuanze na sheria yenyewe, ili kila mmoja aondoke nayo hapa hata kama ataondoka mapema. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema kwamba uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo, uchaguzi mkuu unaofuata ule wa 2022 unaangukia Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kanuni za Uchaguzi za mwaka 2012 nazo zikaweka saa: upigaji kura huanza saa kumi na mbili asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa kumi na moja kamili za mchana. Si zawadi ya mkubwa yeyote wala hisani ya afisa wa kituo. Ni mali ya mpiga kura.

Sasa tazameni tatizo la kwanza, ambalo ni la lugha. Matangazo mengi yanayobandikwa ukutani huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Tangazo likiandika tarakimu 6 kuwa mwanzo na tarakimu 5 kuwa mwisho, msomaji aliyezoea hesabu yetu anaweza kuamini kwamba kura huanza saa sita mchana. Mwingine ataiona ile 5 na kudhani kwamba mambo huisha saa tano, kabla ya chakula cha mchana, basi akikawia nyumbani hadi saa saba ataona hana haja ya kwenda. Hakuna aliyemdanganya mtu huyu. Hata hivyo amepoteza kura yake, na kura iliyopotea kwa kutoelewa haina uzito pungufu kuliko iliyoibwa. Kwa hiyo tunaposema tutangaze saa za kura, tutangaze kwa maneno kamili na kwa lugha ya msikilizaji: saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza, saa kumi na moja jioni, kabla jua halijazama. Asiachiwe mtu tarakimu tupu.

Tatizo la pili ni la maisha yetu hapa. Kimumu si kijiji cha watu wanaoamka na kulala kwa kengele moja. Wapo wanaokamua ng'ombe alfajiri na kupeleka maziwa kabla hayajaharibika. Hao hawawezi kuwa wa kwanza kwenye foleni. Wapo mabawabu wanaotoka kazini asubuhi wakiwa na usingizi machoni, na wapo wauguzi ambao zamu zao hazibadiliki kwa sababu ya uchaguzi. Wapo wanafunzi waliojiandikisha mbali na wanakokaa. Wapo wapangaji waliohama kutoka mtaa mmoja hadi mwingine pasipo kuhamisha jina lao katika sajili ya wapiga kura. Tena Agosti katika Uasin Gishu ni mwezi wa mvua, na mvua yetu hupenda alasiri. Anayejiambia kwamba atakwenda baada ya saa tisa ajue kwamba huenda akaikuta foleni, tope na wingu vikimngoja pamoja. Wazee walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapa mwana ni miaka mitano ya uongozi wa nchi.

Ndugu zetu, mapambano ya kudai kura ya haki katika nchi hii yamekuwa tangu mwanzo mapambano juu ya wakati. Tukumbushane, kwa maana vijana wengi mliomo humu hamkuwa mmezaliwa.

Mwaka 1982 Kifungu cha 2A kilitiwa katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kisha katika uteuzi wa wagombea wa KANU wa mwaka 1988, kura ya siri iliwekwa kando na watu wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Wengi wanakumbuka milolongo mirefu iliyotangazwa kuwa imeshindwa na mifupi iliyotangazwa kuwa imeshinda. Lakini kuna dhuluma nyingine ndani ya mlolongo ambayo haikusemwa sana. Mlolongo ulitaka kila mtu awepo uwanjani kwa wakati mmoja, asimame, ahesabiwe, na mambo yaishe. Mgonjwa, mzazi mwenye mtoto mchanga, mfanyakazi aliye zamu, hao hawakuwa na saa yao. Kura ya siri ya siku nzima humngojea mwananchi. Mlolongo haukumngojea mtu.

Makanisa yaliliona jambo hilo mapema. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga mlolongo tangu 1986, na katika mji wetu huu sauti ya Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret ilisikika waziwazi. Askofu Muge alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, kabla ya KANU kuuacha mlolongo mwezi Desemba mwaka huo, na kabla ya Bunge kukifuta Kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991. Hakuyaona matunda hayo. Sisi tumeyaona, na aliyeona matunda ana deni la kutunza mti.

Vyama vingi viliporudi, vita vya wakati havikwisha. Mwaka 1992 tarehe ya kwanza iliyotangazwa kwa uchaguzi mkuu ilikuwa 7 Desemba. Sheria ilikuwa ikivipa vyama siku zisizopungua 21 za kuteua wagombea. Maneno hayo yalibadilishwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu yakawa siku zisizozidi 21. Tazameni, badiliko la neno moja, na chama kichanga kisicho na ofisi wala magari kinanyimwa muda wa kujipanga. Upinzani ulikwenda Mahakama Kuu na kushinda, na uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Sisi wanasheria tulijifunza hapo kwamba siku moja na neno moja ni mambo ya kupigania mahakamani bila haya.

Mwaka 1997 tukapata somo jingine. Uchaguzi uliitishwa tarehe 29 Desemba, katika msimu wa mvua kubwa za El Nino. Barabara zilikatika, vifaa na karatasi za kura zikachelewa au zikapelekwa kusikofaa, na upigaji kura ukalazimika kuendelea siku ya pili, tarehe 30 Desemba. Mwananchi aliyekuwa na redio alijua. Asiyekuwa nayo, aliyepiga foleni siku ya kwanza akakata tamaa na kurudi shambani, ni nani aliyemwendea kumwambia kwamba mlango umefunguliwa tena?

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya zamani. Katika uchaguzi wa 9 Agosti 2022, wapiga kura wa Eldas katika Kaunti ya Wajir walipiga kura siku iliyofuata kwa sababu ya usalama. Huko Mombasa na Kakamega uchaguzi wa gavana uliahirishwa kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura. Ikatangazwa kwanza tarehe 23 Agosti, kisha ikasogezwa hadi 29 Agosti. Mpiga kura wa Mombasa alitakiwa kushika tarehe tatu kichwani kwa kazi moja.

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Tanzania ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi baada ya kipindi cha chama kimoja, tarehe 29 Oktoba 1995, vituo vingi vya Dar es Salaam vilichelewa kufunguliwa na vingine vilikosa vifaa. Uchaguzi katika majimbo yote saba ya jiji hilo ulifutwa na kurudiwa tarehe 19 Novemba 1995, na vyama vya upinzani vikaususia ule wa marudio. Uganda, tarehe 18 Februari 2016, vifaa vilichelewa kwa saa nyingi katika sehemu za Kampala na Wakiso. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikubali kwamba tume ilishindwa kutimiza wajibu wake hapo, lakini ikasema kasoro hiyo haikuthibitishwa kuwa imeathiri matokeo kwa kiasi cha kuyabatilisha. Tafakarini hukumu hiyo. Kosa limekubaliwa, na matokeo yamebaki pale pale.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hotuba hii, nacho kina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwamba sheria yetu haikumwacha mpiga kura yatima. Kanuni zetu za uchaguzi zinasema kwamba kituo kikichelewa kuanza, msimamizi wa kituo ataongeza muda wa kupiga kura kwa kadiri ya muda uliopotea. Sikilizeni namna ilivyoandikwa. Haikusema kwamba anaweza akipenda. Imemwamuru. Kituo kilichofunguliwa saa moja na nusu asubuhi kimepoteza saa moja na nusu, na muda huo utaongezwa jioni. Tena mtu aliyekwisha kuwa kwenye foleni wakati wa kufunga unapofika huruhusiwa kupiga kura yake. Afisa akija saa kumi na moja na kuwaambia walio kwenye foleni waende nyumbani, hana mamlaka hayo. Juu ya kanuni hizo zote kuna Kifungu cha 83 cha Katiba, kinachotaka mipango ya uandikishaji na ya uchaguzi imrahisishie raia anayestahili kupiga kura, wala isimnyime haki hiyo.

Upande wa pili ni ushahidi. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 83, inaeleza ni lini dosari huweza kuangusha uchaguzi, na majaji hutazama kama sheria imekiukwa kwa uzito na kama matokeo yameguswa. Mtu anayekuja mahakamani na kusema tu kwamba vituo vilichelewa hajaleta kitu. Wakili wa upande wa pili atamwuliza: kituo gani? Mkondo gani? Kilifunguliwa saa ngapi? Ulijuaje, ulikuwa na saa? Muda uliongezwa au haukuongezwa? Watu wangapi walirudishwa? Na kesi ya kupinga uchaguzi wa mbunge, seneta, gavana au mwakilishi wa wadi hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa. Ule wa rais ni siku 7 tu. Huwezi kuanza kukusanya kumbukumbu wakati huo. Kumbukumbu huandikwa asubuhi ile ile, mlango ukiwa bado umefungwa.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye mambo machache, nayo hayahitaji fedha za mfadhili yeyote.

La kwanza, kila mtu ajue kituo chake mapema, na mkondo wake. Sheria imeweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kituo kimoja, ndiyo maana shule moja huweza kuwa na milango kadhaa iliyogawanywa kwa herufi za majina. Mtu anaweza kusimama saa mbili katika foleni isiyo yake. Kata yetu ya Kimumu imo katika eneo bunge la Moiben, ingawa shughuli zetu nyingi zimo katika jiji la Eldoret. Mtu asidhani kwamba anakofanya biashara ndiko anakopigia kura. Vituo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ofisi ya tume katika eneo bunge ina wajibu wa kumjibu mwananchi anayeuliza. Ulizeni kabla ya siku yenyewe, na mkumbuke kitambulisho au pasipoti mliyojiandikishia.

La pili, makanisa yatangaze saa za kura kwa Jumapili tatu mfululizo kabla ya uchaguzi, katika kila ibada na katika kila lugha inayotumika hapo. Tangazo liwe na mambo manne tu: tarehe, saa ya kufungua, saa ya kufunga, na haki ya aliye kwenye foleni. Lisitaje chama wala mgombea. Mchungaji anayetangaza saa ya kura hapigii mtu kampeni. Anawasomea waumini haki yao, kama anavyowasomea siku ya ubatizo. Akina mama wa jumuiya ndogondogo na wa vikundi vya maombi walibebe tangazo hilo hadi kwa wasiofika kanisani: wazee, wagonjwa, na vijana wanaoendesha bodaboda.

La tatu, jirani ampangie jirani. Anayekamua ng'ombe apokewe zamu. Mwenye mtoto apate wa kumshikia. Wazee, walemavu na akina mama wajawazito hupewa nafasi ya mbele kwenye foleni, nasi tusinung'unike wanapopita. Mwajiri aliye muumini asingoje kuambiwa. Apange zamu ili kila mfanyakazi wake apate saa ya kura, na asimkate ujira.

La nne, katika kila kituo awepo angalau mtu mmoja miongoni mwetu mwenye daftari, kalamu na saa inayokwenda sawa. Aandike vifaa vilifika lini, kura ya kwanza ilipigwa lini, kama shughuli zilisimama na kwa muda gani, na foleni ilifungwa lini. Aandike pia aliyoyaona tu, asiandike aliyosimuliwa. Mawakala wa vyama vyote, wa serikali na wa upinzani, tunawaomba wahakikishe kwamba saa ya kufungua imeandikwa kwa usahihi katika shajara ya kituo. Na kituo kikichelewa, mtu mmoja mwenye adabu amwendee msimamizi na kumwuliza mbele ya mawakala: dakika ngapi zimepotea, na tutaongezewa ngapi? Jibu liandikwe, kisha litangazwe kwa foleni nzima. Watu wakijua kwamba muda wao utarudishwa hawasukumani.

Hapa tuseme waziwazi kwa nini jambo hili ni zito zaidi katika Eldoret kuliko mahali pengine. Sisi si watu wa kuhadithiwa kinachotokea uchaguzi usipoaminika. Tunayajua ya Burnt Forest katika miaka ya mwanzo ya tisini. Tunaijua siku ya 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walipochomwa ndani yake. Waliokufa na waliokimbia walikuwa majirani wa mtu. Hatusemi kwamba saa ya kufungua kituo ndiyo iliyoleta maafa hayo. Chanzo chake kilikuwa kirefu na kilikuwa na wenyewe. Tunasema kwamba uvumi hukua mahali pasipo na habari. Kituo kikichelewa na hakuna anayeeleza sababu, foleni hujieleza yenyewe: wanataka kutunyima, wale wa kule wamekwisha kupiga, masanduku yamejaa. Kufikia saa nne asubuhi kuchelewa kwa gari kumekuwa njama ya kabila. Dawa ya uvumi ni habari sahihi inayotolewa mapema na mtu anayeaminika na pande zote. Kama kanisa halitakuwa mtu huyo, tuambiane nani atakuwa.

Wapo watakaosema: tunafahamu saa, tutakwenda mapema, lakini kura zetu huibwa baadaye, basi kuna faida gani? Tunakiri uzito wa swali hilo. Mahakama yetu ya Juu yenyewe ilibatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, na miongoni mwa sababu ilikuwa namna matokeo yalivyopelekwa. Lakini kura isiyopigwa haina haja ya kuibwa. Imekwisha kutolewa bure. Na aliyeshuhudia mlango ukifunguliwa kwa wakati ndiye anayestahili kushuhudia masanduku yakifunguliwa, kura zikihesabiwa pale pale kituoni, na fomu ya matokeo ikibandikwa mlangoni. Ulinzi wa kura ni kazi ya siku nzima, nayo huanza saa kumi na mbili.

Ninyi waumini mnaujua mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alitoka alfajiri kutafuta wafanyakazi, akatoka tena na tena, na hata saa kumi na moja aliwakuta wengine wamesimama, akawapeleka shambani. Jioni ilipofika, wa saa kumi na moja walilipwa sawa na wa alfajiri, na walionung'unika walinyamazishwa. Sheria yetu ya kura ina roho hiyo hiyo. Bibi aliyeingia kwenye foleni saa kumi na moja kasoro dakika moja, magoti yakimwuma na leso ikiwa imelowa mvua, ana kura moja kamili, sawa na ya kijana aliyelala mlangoni usiku kucha, na sawa na ya tajiri aliyekuja kwa gari. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba bibi huyo amejua kuwa mlango bado uko wazi, na kwamba hakuna mtu wa kuufunga mbele ya uso wake.

Basi rudini nyumbani, na kila mmoja wenu awaambie watu watano saa hizo mbili. Anzeni leo, kabla ya matangazo, kabla ya kampeni, kabla ya kelele za magari yenye vipaza sauti. Mungu aibariki Kenya.